Karatasi Haijui Kutendua

Mtoto mchanga hatulizi mkono. Nililijua hilo usiku mmoja nilipokaa kando ya mwanangu, akiwa na majuma matatu tu, daftari magotini na penseli laini mkononi, nikijaribu kuchora vidole vyake. Nikianza kidole gumba, ngumi inafungwa. Nikiichora ngumi, vidole vinafunguka. Hadi anaamka kunyonya, ukurasa ulikuwa umejaa vipande: nusu ya kiganja, mistari miwili ya kifundo, kucha isiyo na kidole, mkunjo wa ngozi ulioanzwa ukaachwa njiani. Mkono mzima haukuwapo. Juma lililofuata nikarudia kazi ileile kwenye kishikwambi. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, nikausogeza mstari huu, nikaupunguza unene ule, na baada ya saa moja nikawa na mkono mzuri ambao ningemwonyesha yeyote bila kusita.

Sasa imepita miaka saba. Ule mkono mzuri ni mkono wa mtoto mchanga, mtoto yeyote. Ukurasa wa vipande ni usiku ule wenyewe: naona jinsi alivyokuwa hatulii, naona haraka yangu, naona mahali ncha ya penseli ilipovunjika nami nikaendelea na ubutu uliobaki.

Niseme msimamo wangu mapema. Anayetaka kutengeneza picha, kioo cha kishikwambi kinamtosha, na mara nyingi kinamfaa kuliko karatasi. Anayetaka kuweka shajara ya sanaa, yaani kumbukumbu ya siku baada ya siku yenye michoro, maneno, rangi zilizojaribiwa na vitu vilivyobandikwa, karatasi inampa kitu ambacho kioo, kwa jinsi kilivyoundwa, hakina. Karatasi haijui kutendua, yaani kuirudisha nyuma hatua iliyokwisha kupigwa.

Mjadala huu hupotelea pembeni mara nyingi. Upande mmoja husifu harufu ya karatasi na raha ya kufungua daftari jipya. Upande wa pili husifu rangi zaidi ya milioni 16 zinazobebeka ndani ya kifaa kimoja. Yote ni kweli, na yote ni madogo. Wapo pia wanaodai kwamba karatasi peke yake ndiyo inayomfanya mtu akumbuke alichokichora. Hapo nawaomba wapenzi wenzangu wa karatasi wapunguze mwendo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba watu waliochora kitu kinachotajwa na neno walilikumbuka neno hilo vizuri zaidi kuliko waliolinakili kwa maandishi. Sifa hiyo ni ya kuchora, na wala si ya karatasi. Anayechora kwenye kioo naye anatazama, anaamua, na mkono wake unatembea. Tusiipe karatasi ushindi ambao si wake, maana ushindi wake halisi unatosha.

Neno lenyewe lina funzo. Kwa Kiarabu, tulikolitoa, shajara ni mti. Ukikata shina la mti unaoota mahali penye misimu, utaona pete: mwaka wa mvua pete pana, mwaka wa kiangazi pete nyembamba iliyobanana. Mti hauondoi pete ya mwaka mbaya, na hauwezi kurudi kuinenepesha. Ndiyo maana wataalamu wanaweza kuusoma ukame wa karne zilizopita kwenye mbao. Shajara ya sanaa inayostahili jina hilo inasomeka namna hiyohiyo. Juma ambalo hukuweza kuchora lolote zuri limo ndani, limebanana, na lina habari.

Sasa tazama kinachotokea kwenye kioo. Katika programu kadhaa za kuchorea, kugonga kwa vidole viwili kunarudisha hatua moja nyuma. Nilipoanza kuzitumia nilidhani ni msaada mdogo, kama kifutio kilicho karibu. Baada ya miezi michache nikagundua kwamba mkono wangu wa kushoto hauondoki pale. Vidole viwili viko juu ya kioo vinasubiri, na mkono wa kulia unachora ukijua kwamba mwenzake yuko tayari kuukana. Mstari wa mgongo wa mtu aliyeketi niliuchora mara 10, mara 15, hadi ukapatikana mmoja wenye mkunjo mzuri. Kumi na nne zilizotangulia hazikuacha hata kivuli. Kifutio cha mpira huacha mfereji mdogo kwenye karatasi na doa la kijivu. Ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga unauona mstari uliofutwa. Kutendua hakuachi kitu. Si kufuta huko, ni kufanya jambo liwe halikutokea.

Katika picha ya kumpelekea mteja, hilo ni neema. Katika shajara ni hasara, kwa sababu zile 14 ndizo zilizokuwa siku yenyewe.

Wachoraji wa zamani wametuachia ushahidi mwingi wa thamani ya mistari iliyokosewa. British Museum ina karatasi ya Leonardo da Vinci, ya karibu mwaka 1480, yenye Bikira Maria na mtoto aliyekumbatia paka. Paka hakutulia, na mtoto pia. Mistari imerundikana juu ya mistari, kichwa kimewekwa huku kikawekwa kule, hadi sehemu nyingine zimekuwa nyeusi. Leonardo hakuanza upya. Aliigeuza karatasi na kuupitisha mchoro upande wa nyuma, akichukua mistari aliyoitaka na kuliacha lile fujo kama lilivyo. Kwa hiyo leo tunazo pande zote mbili, utafutaji na uamuzi, kwenye karatasi moja.

Pablo Picasso naye, alipokuwa akiandaa mchoro wake mkubwa wa mwaka 1907 wa wanawake watano, uliopo Museum of Modern Art mjini New York, alijaza madaftari kadhaa. Kwenye turubai kuna wanawake peke yao. Kwenye madaftari kuna wanaume wawili pia: baharia aliyeketi katikati yao na mwanafunzi wa udaktari anayeingia kutoka pembeni. Waliondolewa kidogokidogo, mchoro baada ya mchoro. Tusingekuwa na madaftari yale, tungedhani picha ile ilizaliwa ilivyo. Jiulize ingekuwaje kama kazi hiyo yote ingefanywa kwenye faili moja lenye matabaka, kama karatasi angavu zilizolazwa moja juu ya nyingine, baharia akiwa tabaka la tatu. Siku alipokataliwa angefutwa kwa mguso mmoja, na faili lingehifadhiwa juu ya lenyewe.

Wakati mwingine kosa linageuka kuwa kazi. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, aliweka shajara ya maandishi na rangi katika miaka kumi hivi ya mwisho ya maisha yake, hadi alipofariki mwaka 1954. Humo kuna madoa ya wino aliyoyatazama hadi yakamwonyesha sura, akayaongezea macho, miguu, mikia. Doa ni mgeni asiyealikwa. Kwenye karatasi lazima umkaribishe, kwa sababu hatoki. Nimejaribu kuyatafuta madoa ya namna hiyo kwenye kishikwambi na sijawahi kuyapata. Programu ina brashi za kumwaga wino, nzuri kwelikweli, lakini humwaga pale tu ninapotaka umwagike, na nisipopendezwa nautendua.

Nisiwe mchoyo kwa upande wa pili. Mchoraji Mwingereza David Hockney alianza kuchora kwenye simu ya iPhone mwaka 2009 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, kisha kwenye iPad ilipotoka mwaka 2010. Alichora maua na madirisha alfajiri akiwa kitandani, kabla ya kuwasha taa, na kuwatumia marafiki zake picha hizo asubuhi ileile. Rangi za maji zisingeweza hilo: gizani huoni sahani ya rangi, na maji yanamwagika kwenye shuka. Kioo kina mwanga wake chenyewe, na alfajiri ni jambo la mwanga. Hiyo ni shajara ya sanaa kwa maana kamili, ya kila siku, na karatasi ingeizuia. Isitoshe, programu aliyoitumia iliweza kuonyesha tena mchoro ukijengeka mstari kwa mstari tangu mwanzo.

Mtu ataniambia basi kwamba hoja yangu imekufa, maana kioo kinaweza kurekodi hata njia. Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu, na bado naona tofauti. Rekodi ni filamu: inakupita, inaisha, na kuiona tena lazima uianzishe tena. Ukurasa umesimama. Kosa na sahihisho vinaonekana kwa wakati mmoja, kimoja kando ya kingine, na jicho linaamua litazame kipi. Tena rekodi ile ni ya picha moja. Hainipi Machi kando ya Aprili. Nikitaka kuona mwaka wangu, kwenye rafu ninachukua daftari na kulipitisha kidole gumba, na sekunde chache zinatosha kuniambia kwamba rangi ya bluu ilitoweka kabisa mwezi wa sita. Kwenye kifaa naona safu za vijipicha vidogo vilivyo sawasawa, na usawa ule unaficha kila kitu.

Kuna jambo la ukubwa ambalo silisikii likizungumzwa. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148 na urefu wa 210, na mwili unaujua mpaka huo. Mdudu mdogo anachorwa mdogo. Mlima unalazimika kukatwa au kubanwa. Kwenye kioo unavuta kwa vidole viwili na jicho la mdudu linajaza kifaa kizima, kisha unavuta tena na mlima unajaza nafasi ileile. Kila kitu kinachorwa kwa ukubwa mmoja wa mkono. Nilipochapisha kurasa zangu za kidijitali za mwaka mzima nilishtuka: zilikuwa na maelezo mengi mno mahali pasipohitajika, nyuzi za nguo zilizochorwa moja moja kwa watu ambao nyuso zao hazizidi ukubwa wa kucha. Hakuna aliyeweza kuziona isipokuwa mimi niliyekuwa nimezivuta. Uchapishaji ulinifundisha na jambo jingine, kwamba kijani na bluu zinazong'aa kwenye kioo hufifia zikigeuka wino, kwa kuwa mwanga na wino havichanganyi rangi kwa njia moja. Hilo linatibika kwa kupanga mapema.

Tufike kwenye swali la kudumu, ambalo watu hulijibu kwa imani kuliko kwa uchunguzi. Anayependa kioo husema karatasi inaungua na kuloa. Ni kweli. Januari 1928 mto Thames ulifurika London, maji yakaingia katika vyumba vya chini vya jumba la sanaa la Tate na kulowesha michoro ya mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner iliyokuwa imehifadhiwa humo. Turner alifariki mwaka 1851 na kuacha karibu madaftari 300. Lakini karatasi iliyoloa inakaushwa. Inabaki na mikunjo na doa la mstari wa maji, na bado inasomeka.

Sasa linganisha na Andy Warhol, msanii wa Marekani. Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilimwalika aionyeshe hadharani kompyuta yake mpya ya Amiga, naye akachora picha kadhaa kwa kifaa hicho, miongoni mwake Venus mwenye macho matatu. Picha zilibaki kwenye diski, na diski zikaingia katika hifadhi ya jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Pittsburgh. Hakuna moto uliozigusa, wala maji. Hata hivyo hazikuweza kuonekana. Mashine zilikuwa zimepitwa, na mafaili yalikuwa katika muundo usiojulikana tena, hadi wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipofanikiwa kuyafumbua na habari ikatangazwa mwaka 2014. Ilikuwa haijafika hata miaka 30. Na huyo ni Warhol, mwenye makumbusho, wahifadhi na watu walio tayari kutumia miezi kwa ajili yake. Kwa mafaili yangu mimi na yako, nani atakuja?

Karatasi huzeeka, faili hufunguka au halifunguki. Hapo ndipo penye tofauti. Programu niliyoitumia kwa miaka miwili ilibadilishwa na waundaji wake, na nilipofungua shajara zangu za zamani maneno yote niliyoyaandika kando ya michoro yalikuwa yametoweka. Michoro ilibaki. Niliandika nini siku ile nilipomchora jirani yetu akikunja mahema baada ya mazishi? Sijui, na sitajua.

Hata hivyo karatasi mbaya ni msaliti pia, polepole zaidi. Tangu karne ya 19 karatasi nyingi zimetengenezwa kwa rojo la miti iliyosagwa na kemikali zinazoacha asidi ndani yake, na asidi huzifanya ziwe manjano na kukatika kama majani makavu. Nunua isiyo na asidi. Mara nyingi jalada linasema. Uzito nao una maana. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, gramu 80 kwa mita ya mraba, hukunjamana ikiguswa na brashi yenye maji. Kuanzia gramu 200 mambo huwa afadhali, na 300 huvumilia rangi za maji bila kuhangaishwa. Ukibandika vitu vingi, chana au kata karatasi moja katika kila tatu kabla ya kuanza, la sivyo daftari litatanuka mgongo na kufumuka. Kurasa za rangi za akriliki hung'ang'aniana zikifungwa. Weka karatasi ya nta katikati. Na usiziamini sana kalamu za rangi kali: nyingi hutumia rangi za kuyeyuka, ambazo mwanga huzila. Vincent van Gogh alichora kuta za chumba chake cha kulala mwaka 1888 zikiwa za zambarau, na leo ni za bluu, kwa sababu rangi nyekundu iliyokuwemo imefifia.

Kuhusu siri nitasema machache. Beatrix Potter, mchoraji na mwandishi wa Uingereza, aliweka shajara kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe tangu alipokuwa msichana hadi mwaka 1897, na haikusomeka hadi mwaka 1958, miaka 15 baada ya kifo chake. Kioo kina nywila, na kwa mtu anayeishi na watu wanaopekua, nywila ni ulinzi ambao daftari la mezani halina. Lakini ukihifadhi shajara kwenye seva za watu wengine, umeiweka pia mbele ya masharti yao. Kila mtu anamjua anayemwogopa.

Na wapo ambao kwao swali hili limeshajibiwa na mwili. Mwenye mkono unaotetemeka anaweza kuiambia programu imtulizie mstari. Mwenye macho dhaifu anavuta ukurasa hadi auone. Mwenye pumu anaepuka vumbi la pasteli. Anayelala chumba kimoja na watoto anachora kimyakimya bila kuwasha taa. Siwezi kumwambia mmoja wao kwamba shajara yake ina upungufu kwa sababu haikutumia penseli. Ninachoweza ni kuwapa namna nilivyojifunza kukifanya kioo kiwe na tabia za karatasi.

Mimi huanza faili moja kwa kila mwezi, lenye kurasa za ukubwa mmoja, na sibadilishi mpangilio wake. Nachora kwenye tabaka moja tu. Ishara ya vidole viwili nimeizima katika mipangilio, ili kutendua kuwe ni safari ya kwenda kutafuta kitufe; mara nyingi ninapokifikia nimeshaona kwamba mstari unaweza kubaki. Natumia brashi mbili, na sivuti ukurasa isipokuwa ninapoandika maneno madogo. Mwisho wa mwezi natoa nakala bapa, PDF au TIFF, miundo inayofunguliwa na programu nyingi, na kuziweka nakala 3 katika vyombo vya aina 2, moja ikiwa mbali na nyumbani. Tangu nianze utaratibu huo kurasa zangu za kidijitali zimekuwa mbaya zaidi kwa macho na bora zaidi kwa kumbukumbu, na nimeridhika na biashara hiyo.

Daftari la karatasi nalo nalipiga picha au kuliskani kila linapojaa, nukta 300 kwa inchi, ambayo kwa ukurasa wa A4 ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Moto ukija, nakala itakuwapo. Kwangu hiyo ndiyo kazi ambayo kioo kinaifanya bila mpinzani: kulinda kilichoumbwa kwingine.

Kuna jambo la mwisho, nalo lilinichukua muda mrefu zaidi kuliona. Katika shajara ya Frida Kahlo baadhi ya kurasa zimechanwa. Tunajua kwamba zimechanwa kwa kuwa karatasi iliyochanwa huacha kisiki kwenye mshono. Faili lililofutwa haliachi kitu. Safu ya vijipicha inajisogeza na kuziba pengo, kana kwamba siku hiyo haikuwamo katika mwaka. Daftari langu la miaka minne iliyopita lina visiki viwili katikati. Nilichana kurasa hizo kwa hasira, usiku, nikazitia kwenye pipa la taka na asubuhi zikaondoka na taka nyingine. Zilikuwa na sura ya mtu niliyekuwa nimegombana naye. Kwenye kisiki kimoja umebaki upande mwembamba wa sikio, wenye kivuli cha penseli nilichokiweka kwa uangalifu mkubwa, na kila ninapofika hapo najua kwamba, kabla ya kuchana, nilikuwa nimeketi muda mrefu nikimtazama.